Siri Iliyopelekwa Shuleni

Katika mji wa Fuzhou, kusini mashariki mwa China, karne ya 19, aliishi mwalimu wa mapigano ambaye kazi yake inafanyiwa mazoezi hadi leo na watoto wa Ubungo, Jumanne na Alhamisi jioni, juu ya sakafu ya saruji. Wageni kutoka visiwa vya Okinawa waliokwenda kujifunza kwake walimwita Ryu Ryu Ko. Zaidi ya hapo ni mabishano. Watafiti wametaja majina mbalimbali ya Kichina wanayodhani ndiyo yake, na kila mmoja ana hoja zake. Namna alivyosimama, alivyovuta pumzi na alivyokunja mkono vimetufikia. Jina lake limebaki njiani.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia hapa Mlimani, na nimepanga chumba Ubungo Kibangu. Mchana nafundishwa kuuliza: nani kasema, kaandika lini, nyaraka iko wapi? Jioni naenda kujifunza jambo ambalo kwa vizazi vingi halikuandikwa popote, tena kwa makusudi. Makala haya yametokana na mvutano huo. Nataka kueleza jinsi karate ilivyotoka kwenye nyua za watu wachache ikaingia shuleni, nani waliitoa, na walilipa nini. Bila uamuzi huo isingefika Dar es Salaam. Na uamuzi wenyewe, kwa huku kwetu, bado uko nusu.

Tuanzie visiwani. Okinawa ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote katika safu ya Ryukyu, kati ya Japani na Taiwan. Mtu wa Kilwa au Lamu angekielewa haraka. Kwa karne kadhaa kilikuwa na ufalme wake ulioishi kwa biashara ya baharini: China upande mmoja, Japani upande wa pili, Asia ya Kusini Mashariki chini yake. Wafalme walipeleka zawadi za utii China, na Fuzhou ndiko merikebu zao zilikotia nanga. Mwaka 1609 ukoo wa Satsuma, kutoka kusini mwa Japani, uliivamia Ryukyu, ukauacha ufalme usimame lakini chini ya kwapa lake. Mwaka 1879 Japani ikaufuta kabisa. Visiwa vikawa mkoa wa Okinawa.

Wengi wetu tuliocheza kareti, kama inavyotamkwa mitaani, tumesimuliwa kwamba iliundwa na wakulima walionyang'anywa silaha, wakaamua kutumia mikono. Ni hadithi tamu, hasa kwa watu waliowahi kutawaliwa. Lakini tukiwafuata wale ambao majina yao yanafahamika, tunakuta wengi walikuwa watu wa jumba la mfalme. Sokon Matsumura alikuwa mlinzi wa wafalme mjini Shuri. Mwanafunzi wake, Anko Itosu, aliyezaliwa mwaka 1831, alikuwa karani serikalini. Walijifunza usiku, uani, mwalimu na mwanafunzi mmoja au wawili. Ufundi huu ulikuwa mali ya mwenye nao, na mwenye nao alichagua wa kumwachia.

Aliyekwenda kwa Ryu Ryu Ko hakuwa mtu wa jumba. Kanryo Higaonna alizaliwa mwaka 1853 katika mji wa bandari wa Naha, kwenye familia iliyosafirisha na kuuza kuni. Alivuka bahari akiwa kijana, akaishi Fuzhou, kisha akarudi nyumbani na kuendelea na kazi yake. Alifundisha wachache. Msingi wa mafunzo yake ulikuwa Sanchin, kata ya hatua chache sana ambayo mtu asiyeijua akiitazama ataona mtu anatembea taratibu na kupumua kwa sauti. Kata ni mfuatano wa mapigo na vizuizi uliopangwa, unaofanywa peke yako, mbele ya adui usiyemwona. Kwa jamii isiyoandika ufundi wake, kata ndiyo ilikuwa daftari. Kila kizazi kilisoma kwa kutazama, kikanakili kwa misuli.

Mwaka 1902 Higaonna alimpokea kijana wa miaka 14, Chojun Miyagi, kutoka familia yenye uwezo. Miyagi alikaa naye hadi mzee alipofariki mwaka 1915, kisha naye akapanda chombo kwenda Fuzhou kutafuta nyayo za mwalimu wa mwalimu wake. Nikiisoma safari hiyo, namwona mwanahistoria. Alikuwa na kila kitu alichofundishwa, lakini alitaka kujua kilitoka kwa nani.

Siri ya aina hii naifahamu kwa karibu. Babu yangu mzaa mama, kule Mgeta mkoani Morogoro, alikuwa fundi wa kuunga mifupa. Watu walibebwa kwa machela kutoka vijiji vya juu kuja kwake. Alipapasa mguu uliovunjika akiwa amefumba macho, akaufunga kwa vijiti na magome, na baada ya majuma kadhaa mtu alitembea. Wajomba zangu walipomwomba awafundishe, alisema bado hajamwona wa kumwachia. Mmoja alikuwa na hasira, mwingine mlevi, wa tatu alipenda fedha. Mama yangu hakuhesabiwa, kwa kuwa ni mwanamke. Babu alifariki akiwa bado anamsubiri huyo mtu safi. Leo kijijini anayevunjika mguu hupakiwa kwenye bodaboda akateremshwa hadi mjini, akipiga kelele kila penye shimo.

Babu hakuwa mchoyo. Alikuwa na sababu. Ufundi unaoponya mfupa unaweza pia kuuharibu, na mkono unaojua mahali pa kupiga ukimwangukia mwenye hasira ni balaa. Wazee wa Okinawa walikuwa na hofu ileile. Kwa hiyo Itosu alipoamua mwaka 1901 kuanza kufundisha karate katika shule ya msingi mjini Shuri, alikuwa anavunja mwiko uliokuwa na maana.

Alikuwa na miaka 70 hivi. Ufalme aliouhudumia ulikuwa umekufa miaka 22 iliyopita, na tabaka lililolea ufundi huu lilikuwa limepoteza mishahara na heshima. Mapokezi ya ua kwa ua yangeendeleaje wakati nyua zenyewe zimeuzwa? Itosu akafanya kazi ya mwalimu hasa. Alitunga kata tano fupi, zinazoitwa Pinan, zinazopanda hatua kwa hatua ili mtoto aweze kuzishika. Mapigo ya hatari aliyapunguza makali. Mtoto akafundishwa kwa kuhesabiwa, moja, mbili, tatu, darasa zima likisogea pamoja. Mwaka 1905 hata Higaonna, yule muuza kuni, alianza kufundisha Sanchin katika shule ya biashara ya Naha.

Ukienda leo kwenye dojo yoyote, mistari ya wanafunzi, kuhesabu kwa pamoja, mwalimu mbele, ujue unaangalia darasa la shule ya Kijapani ya miaka ile. Vitu tunavyovidhania kuwa vya kale kabisa katika karate vina umri wa reli yetu ya kati.

Na sasa gharama. Mwaka 1908 Itosu aliandika barua yenye vipengele kumi kuitetea karate kama somo la shuleni. Alieleza faida zake kwa afya na tabia, lakini pia aliahidi kwamba vijana waliofundishwa karate tangu utotoni wangekuwa na manufaa kwa jeshi. Japani ilikuwa imeishinda Urusi vitani miaka mitatu tu kabla. Karani mzee alijua lugha inayofungua milango ya ofisi. Mlango ukafunguka, lakini aliyeingia nao hakuwa karate peke yake.

Mwaka 1922 mwanafunzi mmoja wa Itosu, Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kwa taaluma, aliipeleka karate Tokyo katika maonyesho ya michezo chini ya Wizara ya Elimu. Akabaki huko. Kutoka kwake likaja tawi la Shotokan, ambalo nalo lina wafuasi wengi hapa nchini. Huko bara la Japani karate ilivishwa sare nyeupe na mikanda ya madaraja, vitu vilivyoazimwa kwenye judo. Hata jina likarekebishwa. Awali neno hili liliandikwa kwa alama zenye maana ya mkono wa China. Oktoba 1936 mabingwa wa Okinawa, Miyagi akiwamo, walikutana Naha na kuafiki alama mpya zinazotamkwa vilevile lakini zenye maana ya mkono mtupu. Ilikuwa maana nzuri, yenye falsafa ndani yake. Pia iliiondoa China kwenye jina, na mwaka uliofuata Japani ikaingia vitani na China.

Miyagi alikuwa ameshaupa ufundi wake jina la Goju Ryu, yaani njia ya ugumu na ulaini. Mwaka 1934 aliandika muhtasari wa karate, na ndani yake alizitaja simulizi mbalimbali za jinsi ilivyofika Okinawa bila kuapa kwa hata moja, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Mwaka 1940 naye akafanya alichokifanya Itosu. Alitunga kata mbili nyepesi, Gekisai ya kwanza na ya pili, ili karate ienee kwa vijana wengi. Jina lake lina maana ya kushambulia na kuvunjavunja. Ni jina la wakati wake.

Miaka mitano baadaye vita vilitua kisiwani. Kuanzia Aprili hadi Juni 1945 Okinawa iligeuzwa uwanja wa mapigano, na inakadiriwa kuwa raia wapatao 100,000 walikufa. Wanafunzi wa sekondari waliandikishwa kuwa askari, wengine wakiwa na miaka 14. Miongoni mwao walikuwamo wa shule ileile ya kwanza ya mkoa ambako Itosu alikuwa amefundisha. Ahadi ya mwaka 1908 ilidaiwa, na waliolipa walikuwa watoto ambao hawakuwa wamezaliwa ilipoandikwa. Miyagi alifiwa na baadhi ya watoto wake, na Jin'an Shinzato, mwanafunzi aliyetarajiwa kumrithi, aliuawa.

Mzee Miyagi alianza upya katika magofu, akifundisha kwenye uwanja wa nyumba yake, hadi alipofariki Oktoba 1953. Hakuacha tamko lililokubaliwa na wote kuhusu nani angekaa kwenye kiti chake. Ndiyo maana Goju Ryu ina matawi mengi leo. Eiichi Miyazato, aliyekuwa polisi, alianzisha Jundokan. Meitoku Yagi alianzisha Meibukan. Seikichi Toguchi alikuwa na Shoreikan, na huko bara la Japani Gogen Yamaguchi alikuwa na Goju-kai. Kila mmoja alishika alichofundishwa. Kata zao zinafanana kama watoto wa mama mmoja: ukiwaona mbali utawachanganya, ukiwakaribia kila mmoja ana pua yake.

Hapo ndipo tofauti na babu yangu inapoonekana wazi. Miyagi naye alimpoteza mrithi wake. Lakini kwa kuwa alikuwa amefundisha wengi, kazi yake iligawanyika badala ya kufa.

Kutoka Naha hadi Dar es Salaam njia haikunyooka. Baada ya vita Marekani iliikalia Okinawa kwa miaka 27, hadi Mei 1972, na kambi zake zikajaa vijana waliotafuta la kufanya jioni. Wengi waliingia kwenye dojo. Miongoni mwao walikuwamo Wamarekani Weusi, na waliporudi kwenye miji yao, karate ilikuta watu waliokuwa na haja nayo. Ilikuwa miaka ya kudai haki, miaka ambayo kujilinda lilikuwa neno la siasa.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa mahali ambapo Mweusi yeyote duniani aliyechoka kwao angeweza kuota kuishi. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake hapa. Walter Rodney alifundisha Mlimani. Juni 1974, katika Ukumbi wa Nkrumah, ulifanyika Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika. Ukumbi huo uko hatua chache kutoka maktaba ninamoandikia haya, kwenye kilima ambacho leo kimo ndani ya Wilaya ya Ubungo.

Katika wimbi hilo alikuja Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi. Wanakarate wa Goju Ryu nchini huanza hesabu yao mwaka 1973, na jina la kwanza wanalolitaja ni lake. Alifundisha katika Shule ya Sekondari Zanaki, katikati ya jiji. Mwaka huohuo Bruce Lee alifariki na filamu yake kubwa ikatoka. Majumba ya sinema ya mjini yakafurika vijana, na mtaani kila aliyerusha teke aliitwa mcheza kareti. Wengi walitaka kuruka kama kwenye sinema. Zanaki walifundishwa kusimama kwanza.

Naomba tuitazame njia hiyo kwa pamoja. Ufundi wa China uliletwa na muuza kuni kwenye kisiwa kilichomezwa na Japani, ukaokolewa na karani mzee aliyeupeleka darasani, ukachafuliwa na vita, ukasambazwa na jeshi la wavamizi, na Mmarekani Mweusi akaufundisha katika shule ya taifa lenye umri wa miaka 12 tangu lipate uhuru. Hakuna hata mmoja katika mnyororo huu aliyekuwa mwenye nao peke yake. Na mara mbili, Shuri na Dar, kilichoubeba ni jengo la shule.

Hadi leo ni hivyohivyo. Sisi tunafanyia mazoezi katika ukumbi wa shule ya msingi, si mbali na barabara ya Shekilango. Mwalimu wetu ni mzee wa miaka sitini na kitu, fundi umeme kwa kazi, mwenye goti linalomsumbua. Watoto wakiingia huinama mlangoni, kisha humwendea na kusema, "Shikamoo sensei," naye huitikia, "Marahaba, kunja vizuri hiyo suruali." Kata ya kwanza anayowafundisha ni Gekisai. Mtoto wa mama lishe wa Riverside anarudia, ngumi kwa ngumi, mpangilio uliotungwa mwaka 1940 kwa ajili ya watoto wasiokuwa na muda wa kukaa na mzee miaka 13.

Nilipomwomba aniambie historia ya karate mjini hapa, alicheka. "Historia ipo miguuni mwangu," alisema. "Simama hapo, nikufundishe."

Jibu lilinifurahisha, kisha likanitia hofu. Miguu huzeeka. Goti moja tayari limegoma. Waliojifunza katika miaka ya 1970 sasa ni wazee, na baadhi wameshatutoka. Ukitafuta karate katika maandishi ya historia ya jiji hili, utakutana na Bruce Lee mara nyingi kuliko walimu wa hapa. Kata zimeingia shuleni, ndiyo. Lakini simulizi ya watu waliozileta, waliozishika na waliozigawa bado iko uani, usiku, kwa watu wachache. Tunaelekea kumfanyia kila mwalimu wa Dar kile alichofanyiwa Ryu Ryu Ko.

Niliporudi kwake mara ya tatu sikuuliza historia. Nilimweleza habari za babu na mguu uliokuwa hauna wa kuuunga. Alinyamaza. Alhamisi iliyofuata, baada ya mazoezi, alitoa kwenye begi lake kaunta buku lenye jalada gumu lililofungwa kwa gundi ya karatasi. Ndani yake, kwa kalamu za rangi tofauti na mwandiko uliokuwa ukibadilika kadiri miaka ilivyokwenda, aliandika jina la kila mtu aliyewahi kumfundisha, tarehe aliyoanza, mkanda aliofikia. Baadhi wana maneno pembeni: amehamia Mwanza. Amejifungua. Amerudi. Amefariki. Kwenye ukurasa wa kwanza aliandika jina la aliyemfundisha yeye, na juu yake jina la aliyemfundisha huyo.

"Sijawahi kumwonyesha mtu," alisema. "Nilikuwa nasubiri."

Sikumuuliza alikuwa anasubiri nini. Nilimwomba ruhusa ya kunakili, akaniwekea masharti mawili. Daftari lisitoke ukumbini. Na majina ya wasichana yasirukwe, kwa kuwa walikuwepo tangu mwanzo na watu hupenda kuwasahau. Nimefika ukurasa wa 31. Nanakili kwa mkono, nikiwa nimekaa kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yakigusa ubao wa juu, huku watoto wakisubiri wazazi wao nje na wakubwa wakifagia vumbi. Kila nikikuta jina lenye mwandiko usiosomeka, naliita kwa sauti, naye kutoka upande wa pili wa ukumbi ananijibu ni la nani.